Barua kwa mwanangu: mchungaji anapokosea

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Umeniuliza utamheshimuje mchungaji ambaye udhaifu wake umeshauona kwa macho. Fungua 1 Samweli 26, usome taratibu.

Mfalme Sauli, anayemwinda Daudi amuue, amelala kambini, mkuki wake umechomekwa ardhini kichwani pake, gudulia la maji kando. Abishai, mtu wa Daudi, anaomba ruhusa ampige pigo moja tu. Daudi anakataa, kwa kuwa huyo ni masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake. Wahubiri wengi huishia hapo. Wewe endelea. Daudi anavuka upande wa pili, anasimama kileleni, mbali kabisa, ndipo anaita. Sauli anakiri kosa, anamwita "mwanangu Daudi", anamsihi arudi. Daudi anajibu kwa adabu, ila mkuki haupeleki yeye. Anataka kijana mmoja avuke aje kuuchukua. Kisha anakwenda zake. Mkuki huo alishaukwepa zamani akimpigia Sauli kinubi, na hakurudi kukaa mahali unapomfikia.

Utaambiwa pia "Msiwaguse masihi wangu", Zaburi 105:15. Anzia aya ya 12. Wanaozungumziwa ni Abrahamu, Isaka na Yakobo, wageni wachache nchini mwa watu, na wanaokemewa ni wafalme waliotaka kuwaonea. Kumnyamazishia mhasibu anayedai risiti kwa aya hiyo ni kumgeuza mwonewa kuwa mwonevu.

Mahubiri marefu, hasira za karibu, kusahau kumtembelea mgonjwa, hayo mvumilie tu. Kosa likikuumiza kweli, mfuate peke yako kama Mathayo 18:15 inavyosema, na isiwe Jumapili, maana amechoka na foleni ya watu inamsubiri. Mwambie jambo moja, ulilolishuhudia mwenyewe, na siku lilipotokea. Ukianza na "watu wanasema", atakuuliza ni akina nani, na mazungumzo yataishia kwenye majina.

Fedha ndipo wengi wanapoharibu. Paulo anamwambia Timotheo asikubali mashitaka juu ya mzee wa kanisa ila kwa mashahidi wawili au watatu. Katika sadaka, mashahidi wako ni daftari lenye saini za waliohesabu, slipu ya benki, na risiti za matumizi. Vikipishana, rudia hesabu kabla ya kufungua kinywa. Pengine ni sadaka ya Jumapili iliyochelewa kupelekwa benki. Pengo likibaki, lipeleke baraza la wazee la usharika, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa askofu, kila hatua kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Usilipeleke kwenye kundi la Watsapu. Hata ule ujumbe wa "tumwombee mchungaji wetu, kuna mambo..." ni umbea uliovaa kanzu.

Lakini aya inayofuata, 1 Timotheo 5:20, inaagiza wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Petro mwenyewe alipojitenga na watu wa Mataifa mezani kule Antiokia, Paulo alimpinga ana kwa ana, mbele ya wote. Kwa hiyo wazee wakikuambia ufiche "kwa heshima ya madhabahu", kataa kwa upole.

Akimdhuru mtoto, akimlazimisha mtu kingono, au akikataza watu dawa na chakula, usianze na Mathayo 18. Nenda polisi siku hiyo hiyo, uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Kule Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ambako mhubiri alishitakiwa kwa kuwaambia wafuasi wafunge hadi kufa, mwaka 2023 msitu ulianza kufukuliwa na miili zaidi ya 400 ikatoka.

Wala usihangaike kubatiza watoto upya kwa sababu mchungaji aliyewabatiza ameanguka. Agostino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alishabishana juu ya hilo na Wadonato, kundi lililodai kwamba ubatizo wa mtumishi aliyeanguka ni batili, na kanisa likashika kwamba ubatizo ni wa Kristo.

Ukiamua kuhama usharika, omba barua ya uhamisho na umuage mchungaji uso kwa uso. Uendako wakikuuliza sababu, mweleze mchungaji mpya peke yake.

Mama yako