Miezi ya kazi isiishie mpakani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wafanyakazi waliochangia mifuko ya hifadhi ya jamii ya nchi mbili au tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ambao wakifika uzeeni wanakuta kila nchi inawahesabia miezi yake tu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni ya malori huku mpakani. Fomu za mafao za madereva na mautingo wengi zimepita mikononi mwangu, na maumivu yao nayajua.

Nianze na hesabu. Tanzania, mwanachama wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hupata pensheni ya kila mwezi akiwa amechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Rwanda nako sharti ni miaka 15. Sasa chukua dereva aliyeajiriwa Kigali akachangia miaka kumi, kisha akahamia kampuni ya Dar es Salaam akachangia kumi mingine. Huyu amekatwa mshahara miezi 240. Akistaafu, Kigali anaambiwa miezi haitoshi, na Dar es Salaam anaambiwa vivyo hivyo. Kila upande unampa mkupuo, yaani malipo ya mara moja, na mambo yanaishia hapo. Mwenzake aliyekaa upande mmoja kwa miaka 15 tu atapokea pensheni mpaka siku anayofariki. Wa miaka 20 ameshamaliza fedha zake kwa kuezeka nyumba na kulipa ada za watoto, na sasa anawategemea haohao aliowasomesha.

Tuna sheria inayotakiwa kuzuia jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 10 inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki za hifadhi ya jamii sawa na mfanyakazi wa nchi anayofanyia kazi, na inalitaka Baraza la Mawaziri la Jumuiya litoe maelekezo na kanuni za mafao hayo. Mwaka ule tulishangilia sana. Lakini katika kaunta zote nilizowahi kusimama na wazee hawa, mpaka leo sijamwona hata mmoja aliyejumlishiwa miezi ya nchi mbili ili apate pensheni.

Wapo watakaosema jambo hili ni gumu mno. Ulaya wamelifanya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kanuni wanayoitumia sasa ilianza kazi Mei 2010, miezi miwili tu kabla ya Itifaki yetu. Utaratibu wao unaeleweka hata kwa asiye mhasibu. Mtu anapeleka maombi nchi anayoishi, kama aliwahi kufanya kazi hapo, na ofisi hiyo ndiyo inayowaandikia wenzao wa nchi nyingine. Miezi yote inajumlishwa ili kuona kama sharti limetimia. Likitimia, kila nchi inalipa sehemu yake kulingana na miezi iliyochangiwa kwake. Kwa yule dereva wetu, Rwanda ingelipa kwa miaka kumi yake na Tanzania kwa kumi yake. Hakuna mfuko unaobebeshwa deni la mwenzake, na hili nalisisitiza kwa sababu ndiyo hofu ninayoisikia kila mara.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Ulaya kutafuta mfano. Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule zilitia saini mkataba wa hifadhi ya jamii kati yao tangu miaka ya 1970, chini ya umoja wao wa nchi za Maziwa Makuu. Vita na uhasama viliuvuruga umoja huo, lakini ni ushahidi kwamba majirani zetu hawa walikwishakaa mezani wakaandika jambo hili. Leo wote watatu ni wanachama wa Jumuiya pamoja nasi.

Ugumu wa kweli uko kwingine, na sitaki kuuficha. Mifuko yetu haifanani. Uganda wana mfuko wa akiba: mwanachama akifika miaka 55 anapewa akiba yake yote pamoja na faida iliyozalishwa, hakuna pensheni ya mwezi. Anachangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 10. Tanzania jumla ni asilimia 20. Kenya kwa miaka mingi walikata shilingi 200 tu kwa mfanyakazi na 200 kwa mwajiri, hadi Februari 2023 walipoanza kukata kwa asilimia 6 kila upande. Kwa hiyo aliyetoka Kampala kwenda Mwanza hawezi kupimwa sawasawa na aliyetoka Kigali. Lakini hata huyo wa Kampala miezi yake inaweza kuhesabiwa kwa ajili ya kutimiza sharti la miezi 180, kisha Tanzania ikamlipa kwa ile aliyochangia Tanzania tu, naye akachukua akiba yake Uganda kama kawaida. Wataalamu wa hesabu za bima tunao. Kinachokosekana ni amri ya kuwaweka chumba kimoja.

Na hata kabla ya kufika kwenye miezi, kuna makaratasi. Namkumbuka mzee mmoja aliyeanza kama utingo nchi jirani. Kadi yake ya uanachama ya huko ilitanguliza jina la ubini na kuliandika kwa herufi R, wakati kitambulisho chake cha taifa cha NIDA kina majina matatu na ubini huohuo umeandikwa kwa L. Kwa herufi moja akahesabiwa kuwa watu wawili. Akaenda kwa wakili kuapa hati ya kiapo. Akatakiwa alete uthibitisho wa mwajiri wa zamani, na mwajiri mwenyewe alikwishauza malori akafunga ofisi. Hati za mshahara alizokuwa nazo zilichapishwa kwenye karatasi laini ya mashine na wino ulikuwa umefutika, zimebaki nyeupe. Alifariki kabla madai hayajaisha, na mjane wake akaanza upya, safari hii akidaiwa pia barua ya usimamizi wa mirathi.

Mhariri, wenye umri wangu tumewahi kuona mambo haya yakiharibika kwa kiwango kikubwa zaidi. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa Reli, Bandari, Posta na Simu na Shirika la Ndege walibaki na miaka yao ya kazi mikononi. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalisainiwa Arusha Mei 1984, na kila nchi ikachukua jukumu la kuwalipa raia wake pensheni. Huku Tanzania wastaafu hao walikesha kwenye barabara za Dar es Salaam wakidai haki yao. Mwaka 2005 Serikali ilikubaliana nao mahakamani, na bado malalamiko yaliendelea. Wenzao zaidi ya 700 wa Kenya walifungua kesi mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, wakashindwa kwa kuwa Mkataba wa Jumuiya mpya ulianza kutumika Julai 2000 na haurudi nyuma. Wengi wamezikwa wakidai. Nchi zilizobeba fedheha hiyo zilipaswa kuwa za kwanza kulinda wafanyakazi wa Jumuiya ya sasa.

Nawaomba mawaziri wetu wa kazi waliweke suala hili kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Baraza, waanze na nchi zinazolipa pensheni ya mwezi, ambako hesabu ni nyepesi. Wakati wanajadili, kuna jambo linaloweza kufanyika bila kusubiri kikao. Pale Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, tuna kituo cha pamoja kilichofunguliwa mwaka 2016, uhamiaji na forodha wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Iwekwe meza moja ya mifuko ya hifadhi ya jamii, iwe na afisa wa NSSF na wa RSSB, mfuko wa Rwanda, wapokee fomu na wathibitishe majina na michango palepale, mzee asilazimike kupanda basi hadi mji mkuu wa nchi ya jirani kwa ajili ya muhuri.

Na vijana mnaoendesha malori leo: mkiacha kazi nchi yoyote, msivuke kurudi kabla hamjachukua taarifa ya michango yenye muhuri na barua ya mwajiri inayotaja tarehe mliyoanza na mliyomaliza. Hakikisheni majina yenu yameandikwa sawa na yalivyo kwenye kitambulisho, na nakala moja ibaki nyumbani kwa mke au kwa mama. Mwajiri akisema ninyi ni wageni na hamna haja ya kuchangiwa, mkatalieni. Ibara ya 10 inawalinda.

Karani mstaafu,
Ngara, Kagera.