Kadi zako saba zimefika

Langoni, Lamu
Jumanne, baada ya alasiri

Shoga yangu wa tangu utotoni,

Assalamu alaykum. Huku kwetu ni heri tu, ila joto, na punda wa jirani anayelia saa tisa za usiku kama mtu anayedai deni lake. Bahasha nimeipata. Utingo wa basi aliikabidhi kwa nahodha pale Mokowe, na nahodha akaifunga ndani ya nailoni, basi imefika haina hata tone la maji. Nimehesabu kadi zako za posta za zamani: saba, kama ulivyosema kwenye simu.

Umeniuliza mambo mawili: kama ni za kweli, na yule Mzungu wa huko Malindi akupe kiasi gani. Hilo la pili mie silijui, wewe ndiye mtoto wa dukani. La kwanza limenikalisha kitako siku nne, mpaka sufuria ya maharage imeungua mara mbili.

Kwanza ondoa moyoni habari ya Posta ya Wajerumani. Najua ulivyotaka ile kadi ya ngome iwe imepita pale, kwa sababu mtu amekwambia ikiwa na muhuri wao utajenga ghorofa. Posta ile ilifunguliwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tarehe 22 Novemba 1888 ikafungwa 31 Machi 1891. Miaka miwili na miezi minne, basi. Wajerumani macho yao yalikuwa Witu, kwa Sultan Ahmed Simba, aliyewekeana mkataba na wale ndugu wawili Denhardt mwaka 1885. Mwaka 1890 Berlin na London wakagawana kwa kalamu, Witu ikaangukia kwa Mwingereza, na posta ikabaki haina kazi.

Sasa itazame stempu yako. Yule mzee mwenye ndevu ni mfalme Edward wa Saba, na stempu zilizoandikwa Afrika Mashariki na Uganda pamoja zilianza 1903. Kisha igeuze. Umeuona mstari uliokata katikati, kushoto salamu, kulia anwani? Waingereza waliuruhusu mwaka 1902. Kabla ya hapo upande ule ulikuwa wa anwani peke yake, na mwenye salamu zake alizibana pembeni mwa picha, hata mbinguni juu ya minazi. Kwa hivyo kadi yako ni ya 1903 au baada yake. Wajerumani walikuwa wameshafunga mlango miaka kumi na mbili. Pole, ghorofa hakuna.

Lakini ngome yenyewe imenifurahisha. Ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, kiasi cha 1813, ikaisha 1821, na ukuta wake kwenye kadi unaonekana mkavu, mkali, hauna hata pakiti moja ya miraa iliyosahauliwa chini yake. Juu ipo bendera. Bendera ya Sultani wa Unguja ilikuwa nyekundu tupu, wewe unajua, lakini kadi hii imetiwa rangi kwa mkono na mtu asiyeijua Amu (Lamu) wala Unguja, naye akaipaka kijani! Kadi nyingi za siku zile zilichapishwa Ujerumani, na mtia rangi alikuwa akiletewa picha nyeusi na nyeupe akakisia. Kuta akazipaka waridi. Bahari akaifanya kama soda ya zambarau. Mie nilicheka peke yangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipita mbio pale Mkunguni, uwanjani mbele ya ngome, tukiambiwa tusinyooshe kidole ngomeni kwa sababu ni jela? Ilikuwa jela tangu 1910 mpaka 1984. Kwenye kadi hii watu wamekaa mlangoni, wamejiegemeza, mmoja amevua viatu. Hapo mahali hapatishi. Nadhani imepigwa kabla ya 1910, ila hilo ni la kwangu, usimwambie mnunuzi kuwa ni hakika.

Ile yenye mnara wa msalaba imeandikwa Lamu. Shoga! Wewe unaishi hatua chache kutoka nguzo ya Vasco da Gama hapo Malindi, hukuitambua? Au ulikuwa unanijaribu? Mchapishaji alikuwa na picha za pwani nzima katika sanduku moja, akakosea. Ndiyo maana mie siamini maandishi ya chini ya kadi yoyote mpaka nimeliona jiwe lenyewe.

Zile mbili za ufuoni ndizo zilizonikera, wala si kwa ubovu, ni nzuri. Zote zimepigwa kutoka majini. Mpiga picha hakushuka, au akishuka hakwenda mbali. Nyumba alizozipanga mbele, zenye roshani na nguzo, ndizo anazozionyesha dunia kuwa ndio mji wa kale, kumbe ndizo changa. Ufuo wa zamani ulikuwa karibu na ulipo Usita wa Mui. Watu walimwaga vifusi na taka, bahari ikasogea, na karne ya 19 ikielekea mwisho wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, wakajenga maduka na maghala juu ya kifusi. Ukitaka ushahidi, fikiria Msikiti wa Pwani, ule unaohesabiwa tangu 1370. Unaitwa wa Pwani na upo nyuma huko, karibu na ngome, hauoni hata tanga. Hata ngome ilijengwa iangalie maji, leo inaangalia soko.

Kwa hivyo anayeijua Amu kwa kadi anajua uso iliojipaka juzi. Mji wenyewe uko ndani ya mtaa wa Mkomani, kwenye madaka ya mlangoni na viwanda, zile nyua za ndani, kwenye misana, zile kumbi ndefu, na vyumba vya ndani vyenye zidaka za ukutani hadi darini, na humo majumbani kamera haikuingia kwa urahisi siku zile. Ingeingiaje? Mke wa muungwana alikuwa akitoka nje amefunikwa shiraa, ile hema ya nguo iliyobebwa na watumwa pande zote, asionekane hata kisigino.

Na hapo ndipo nilipokwama na kadi ya yule mwanamke. Unaijua: kanga mbili, masikio yamejaa vipuli vya karatasi, mkono kiunoni, na chini imeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni mrembo wa Lamu. Nyuma yake pana pazia lililochorwa mto na miti ambayo haipo pwani yetu. Hiyo ni studio. Yawezekana ni Unguja, walikokuwa wapiga picha wa Kigoa kama A. C. Gomes na wanawe, na yawezekana ni Mombasa. Wa Lamu amejuaje? Halafu fikiria ni nani aliyeweza kuitwa asimame mbele ya mwanamume mgeni, kichwa wazi. Huyo hakuwa wa kubebewa shiraa. Huenda alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiibeba. Utumwa kwenye pwani hii ulifutwa kisheria 1907, na kadi hizi ni za miaka hiyohiyo.

Nilimpelekea nyanya. Macho yake sasa ni ya kubahatisha, akaishika kadi karibu na pua akaitazama kitambo. Kisha akaniuliza, "Na huyu, mtoto wa nani?" Sikuwa na jibu. Akairudisha kifudifudi, hakutaka kuiona tena, na tukanywa kahawa bila maneno mengi.

Ya uchochoroni aliipenda. Ile iliyochanika pembe, yenye wikio lililovuka juu kutoka nyumba hadi nyumba na mtu wa kanzu anayetokea gizani. "Ndia hiyi naiyua," akasema, akaanza kuitaja nyumba baada ya nyumba, nani alikaa, nani alioa wapi, nani aligombana na nani kwa ajili ya kisima. Nikamwacha aendelee. Kesho yake nilikwenda na kadi mkononi, nikaingia vichochoro vitatu vya Mkomani, na mawikio yote yakafanana na la kadi. Nyanya ameitambua njia, au ameitambua Amu yake? Mie sikurudi kumsahihisha. Nilichokithibitisha ni kitu kidogo: ukutani, chini, pana mfereji wa maji machafu upande uleule, na punda amesimama katikati akimkatalia mtu njia. Hilo halijabadilika, na mji umeingizwa kwenye urithi wa dunia tangu 2001.

Nina la kukuomba radhi. Nilikwenda kutoa nakala ya hiyo ya uchochoroni kwenye duka moja hapa, kijana akaikunja pembe ilipokuwa imeanza kuchanika. Nimeinyoosha chini ya msahafu usiku kucha. Mkunjo upo, lakini si mbaya.

Sasa ile ya saba. Wewe uliiweka mwisho, ukaandika pembeni "haina stempu, haina thamani." Picha yake ni ufuo maji yametoka, majahazi yamelala ubavu, moja lina yale macho ya mbao puani, na kando pana milima ya miti ya mikoko. Mtepe haumo, nimeutafuta kwa kioo cha kukuzia. Mitepe iliyoshonwa kwa kamba za nazi ilikuwa bado ikipita enzi hizo, tanga la mkeka lingeonekana mbali. Haidhuru.

Ulipoigeuza uliona mikwaruzo ya penseli ukadhani ni uchafu. Si uchafu, ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nyanya hakuweza kuyasoma kwa macho yake, basi nilimtajia herufi moja moja kwa sauti naye akaniunganishia maneno, kama tulivyokuwa chuoni kwa mwalimu. Yanasema: boriti korija kumi na mbili, mazio korija thelathini, fito, halafu hesabu imefutika, halafu "kusi ikivuma". Basi.

Boriti, mazio na fito ni miti ya mikoko kwa unene wake, na korija ni miti ishirini. Boriti mia mbili na arubaini, mazio mia sita. Mtu amechukua kadi iliyotengenezwa kwa watalii na maafisa, picha ya ufuo wake mwenyewe, akaona karatasi nzuri ngumu, akaandika shehena. Mzigo unaongoja upepo wa kusi ili uende Arabuni au Ghuba, ukawe dari za nyumba za watu. Hakumwandikia mtu, na hakuna alichotaka kuonyesha. Kadi sita nyingine zimesemwa na wageni, hii moja imesemwa na mtu wa hapa, tena kazini. Biashara ile ilikufa serikali ilipopiga marufuku kusafirisha mikoko nje, 1982, na wewe na mie tulikuwa tukicheza juu ya milundo ya mwisho mwisho.

Kwa hivyo hizo sita muuzie mgeni wako kwa bei utakayoelewana naye, na ya mrembo ukitaka uichome, ukitaka uifiche, hiyo ni juu yako. Hii ya saba sikurudishii mpaka tuonane. Njoo Maulidi, ulale kwetu, tuipeleke kwa mtu anayejua kusoma hati za zamani atutolee hesabu ya fito. Na uje na zile ndimu ulizoniahidi tangu mfungo.

Nyanya anakusalimu. Ameuliza kama mumeo bado ananenepa.

Shoga yako wa Langoni