Vikaratasi vya herufi kubwa

Mama Junior, mambo vipi huko Gulu, jua limepunguza hasira? Huku Masaka tupo tu. Niliahidi kukuandikia tangu wiki jana nikapitiwa, hizi maks za S.3 (kidato cha tatu) zinanimaliza.

Si unakumbuka ule mradi wa darasa langu la Kiswahili? Basi mi niliingia na maneno matamu, jamani kwenye huu mradi hamna bosi, mimi na nyinyi ni sawa, halafu hapohapo nikawaambia tutatengeneza sabuni ya maji. Wote "ndiyo tichaa." Wiki 3 baadae wanavuta miguu, hela ya dawa ya sabuni haiji, nauliza kuna nini, kimya. Nikagawa vikaratasi waandike bila jina. Sasa mi nasahihisha madaftari yao tangu S.1, mwandiko wa kila mtu naujua, na wao wanajua naujua, karibu nusu ya darasa wakaandika HERUFI KUBWA TUPU ka mabango ya kampeni. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia.

Wengi walitaka makaa ya maganda ya matoke, maana maganda yako bure jikoni kwetu na sabuni inataka hela ya mzazi. Kitu kinaeleweka kabisa! Kamoja kakaandika, MWALIMU UKISEMA TUCHAGUE TUNANGOJA KWANZA TUJUE UNATAKA NINI. Na siwalaumu. Huu mtaala wa 2020 unataka mwanafunzi ndo awe mbele, sawa, lakini zile 20 kwa 100 za kazi za shuleni zinazoenda UNEB, baraza la mitihani la Uganda, nani anaziandika, si mimi? Mtu ameshika maks zako anakwambia sema ukweli, we ungesema? Halafu nilitaka wajadili kwa Kiswahili, kubishana na mwalimu kwa lugha ambayo yeye ndo amekufundisha, tena we nyumbani ni Luganda tu, kazi ipo. Mi mwenyewe hedimasta akiuliza nani ana wazo huwa naangalia viatu vyangu.

Jumatatu nataka wapange wenyewe maks zitolewe vipi, mi nikae nje, kiranja aandike. Sijui ka DOS, mwalimu wetu wa taaluma, atanielewa, yule akisikia kelele darasani anadhani hamna mwalimu. Ka ulishajaribu kitu ka hiki nambie, ila usinitumie voisi ndefu ka ile ya juzi, bando yangu ni ya siku moja. Junior nisalimie sana.