Kwa vijana mnaoisoma Dorian Gray: msiishie kwa Lord Henry

Wanangu wa vikundi vya usomaji,

Mmeichagua The Picture of Dorian Gray ya Oscar Wilde, na chaguo lenu limenifurahisha sana. Lakini nina neno kabla hamjafika mbali. Mijadala mingi juu ya riwaya hii huanza na kuishia kwa mhusika mmoja, Lord Henry Wotton, bwana anayemshawishi kijana Dorian. Yeye ndiye shetani, Dorian ndiye aliyeponzwa, basi, yamekwisha. Mkishalisema hilo hamna tena haja ya kuitazama ile picha ya Dorian iliyochorwa na rafiki yake Basil, inayozeeka na kuharibika badala yake, na picha ndiyo inayotunza hesabu yote ya kitabu.

Kwanza hakikisheni mnasoma maandishi yaleyale. Riwaya ilitoka mwaka 1890 katika jarida la Lippincott's ikiwa na sura 13, kisha 1891 ikatoka kama kitabu chenye sura 20 na dibaji. Aliyeshika la sura 13 hakutani kabisa na James Vane, mdogo wake Sibyl, yule mwigizaji aliyependwa na Dorian. Hata umri unatofautiana: Dorian anapomuua Basil, katika jarida ni mkesha wa kutimiza miaka 32, katika kitabu ni 38. Tofauti hizi zina uzito. Mwaka 1895 wakili Edward Carson alipomhoji Wilde mahakamani London katika kesi ya kashfa, maandishi aliyomsomea yalikuwa yale ya jarida. Nyinyi chukueni la sura 20, na msiiruke sura ya 3.

Katika sura hiyo Henry anakwenda kwa mjomba wake kuulizia ukoo wa Dorian. Anaambiwa kwamba baba aliuawa katika pambano la bastola ama upanga ambalo watu walinong'ona kuwa babu ndiye aliyelipanga, mama akafariki kabla mwaka haujaisha, na mtoto akabaki mikononi mwa babu huyohuyo, mzee asiye na huruma. Sisi tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Henry anausikia msiba huo, na badala ya kumhurumia yatima anauona kuwa pambo linalomfanya kijana apendeze zaidi. Anaazimia kumtawala. Andikeni hilo daftarini, kwa sababu linaonyesha mahali ushawishi unapoanzia: mwenye kushawishi hutafuta kwanza palipo na pengo.

Sasa rudini sura ya 2, msome polepole. Dorian amesimama jukwaani, Basil anachora, Henry anaongea. Kijana anamuuliza kama kweli ana ushawishi mbaya. Henry anamjibu kwamba hakuna ushawishi mwema, kwamba wote ni uovu, kwa kuwa kumshawishi mtu ni kumpa roho yako badala ya yake. Wakati anayasema hayo, anayatenda. Dorian anakaa karibu dakika kumi bila kutikisika, midomo imeachana kidogo, macho yanang'aa. Basil hasikii kinachosemwa. Anachoona ni kwamba uso umepata mng'ao alioutaka, naye anaudaka kwa brashi na kufurahi. Simameni hapo. Midomo ile na macho yale ndiyo yatakayoharibika baadaye juu ya turubai. Maneno ya Henry yameingia katika rangi kupitia mkono wa rafiki mwema.

Kwa hiyo msimpitishe Basil bila kumhoji. Katika sura ya 1 anamsihi Henry asimharibu kijana. Lakini nani alimfundisha Dorian kwamba sura yake ni kitu cha kuabudiwa? Ombi la Dorian, kwamba picha izeeke yeye abaki kijana, linatoka mbele ya kazi ya Basil. Hotuba ya Henry kuhusu ujana unaopita isingekuwa na makali kama pale mbele kusingekuwa na picha.

Kazi ya kikundi iwe hii. Gawanyeni ukurasa safu tatu: picha inaonyesha nini, nani alizungumza na Dorian kabla ya hapo, na Dorian mwenyewe alifanya nini. Sura ya 7, ukatili mdomoni, baada ya kumkataa Sibyl kwa sababu aliigiza vibaya usiku mmoja. Sura ya 10, picha inafichwa katika chumba cha juu alichosomea utotoni, ambacho babu yake alikijenga ili mjukuu akae mbali naye. Sura ya 14, wekundu mbichi mkononi, baada ya kumuua Basil. Sura ya 20, unafiki mdomoni na hila machoni, baada ya kumwacha Hetty, msichana wa kijijini, na kujihesabia wema.

Safu ya tatu ndiyo itakayowasumbua, na msiiache tupu. Sura ya 8 Dorian amekwisha kumwandikia Sibyl barua ya kuomba radhi. Henry anafika na habari ya kifo cha Sibyl, wanazungumza, na usiku uleule Dorian anakwenda opera. Kabla ya hapo anamshukuru Henry kwa kumfafanulia nafsi yake mwenyewe. Hakulazimishwa. Alipewa sentensi iliyolipa jina zuri jambo ambalo tayari alilitamani. Na kile kitabu cha jalada la manjano, ambacho baadaye Dorian atasema kilimtilia sumu? Henry alimpelekea nakala moja. Dorian mwenyewe akaagiza tisa kutoka Paris, akazijalidi kwa rangi mbalimbali.

Kuhusu uzuri, mtaikumbuka methali ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Inafaa, lakini nusu tu. Mkakasi ukiufungua unaona kilichomo. Dorian ameutoa undani wake nje, akaufungia darini, na ufunguo anao yeye. Ndiyo maana kila anayemtazama hukosea. Basil anaamini dhambi hujiandika usoni. James Vane, anayetaka kulipiza kisasi cha Sibyl, anamsogeza kwenye mwanga wa taa, anaona kijana wa miaka kama 20, anamwachia, ingawa dada yake alikufa miaka 18 iliyopita. Na Henry, anayejidai kuwajua watu wote, anamwambia katika sura ya 19 kwamba kuua si tabia yake, ilhali Basil ameshauawa.

Katika sura hiyohiyo ya 19 Dorian anamlaumu Henry kwa kumtilia sumu kwa kitabu. Henry anakana: hakuna kitu kama hicho, sanaa haina nguvu juu ya matendo ya mtu. Wekeni jibu hilo kando ya lile la sura ya 2. Mkikutana, mmoja asome la kwanza kwa sauti, mwingine asome la pili, na mtu yeyote asifungue mjadala kabla yote mawili hayajasikika.