Vani ya shule icheleweshwe, isifutwe

Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa watoto wawili, kijana wa P.5 (darasa la tano) na dada yake wa P.2, tunakaa Kyebando hapa Kampala na kazi yangu ni kushona nguo pale Kalerwe. Naandika kuhusu hizi vani za shule ambazo wingu likifunga tu zinapotea. (Mnisamehe Kiswahili changu cha kambini, baba alikuwa mwanajeshi na nikikasirika ndicho kinachotoka.)

Wiki iliyopita mvua ilianza saa 10 usiku, mabati yanalia mpaka humsikii mtu aliye kitanda cha pili. Saa 11 na nusu nikaamsha watoto maana vani inapita steji saa 12 na robo na isipokukuta haisubiri. Viatu na soksi nikavitia kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, wakatembea na ndala mpaka barabarani, tukajibana chini ya mwamvuli wa yule dada wa mobile money ambaye hata alikuwa hajafungua. Saa 12 na robo hakuna, saa 12 na nusu hakuna, nampigia dereva, simu imezimwa. Saa 12:47 ndiyo meseji ikaingia kwenye wasapu ya wazazi, "Wazazi wapendwa, kwa sababu ya hali ya hewa usafiri wa leo umefutwa, tunaomba radhi," halafu vile vimikono vya kuomba vitatu. Huyo wa P.2 alikuwa ameshalowa mpaka mgongoni, bado ameshika kaveera yake ya soksi juu juu isiguse maji.

Najua kuna mtu atasema shule ilifanya vizuri, maji yalikuwa mengi. Sikatai. Sisi wa upande huu maji tunayajua, Mulago na Makerere ziko juu huko zinamwaga kwetu, Kalerwe na Bwaise ndiyo bakuli, na mfereji wa Lubigi ukishajaa chupa na kaveera maji yanapanda barabarani. Tarehe 26 Machi 2025 mafuriko yaliua watu hapa Kampala na watoto wakiwemo, na ilikuwa Jumatano, siku ya shule. Radi nayo, nani amesahau Runyanya kule Kiryandongo, Juni 2011, ilipiga shule ya msingi ikaua watoto 18. Kwa hiyo siombi dereva aingie na watoto wetu kwenye maji ambayo haoni chini yake, akikataa kupita namshukuru kabisa.

Ila maji ya Kampala hayakai! Yanakuja na hasira, yanaondoka. Siku hiyo hiyo saa 3 asubuhi nilipita Kalerwe kwenda kazini, lami inaonekana, imebaki tope na takataka, matatu zinapita, kina mama wameshapanga nyanya zao upya. Na dereva wetu nikamkuta kwenye kituo cha mafuta amelaza kiti anasinzia ndani ya vani ile ile. Nikamwambia, ssebo, barabara si hiyo imefunguka, kwa nini usichukue watoto sasa? Akanijibu, "Mama, mimi nangoja simu ya ofisi. Wakishafuta wamefuta." Basi watoto wangu wakashinda nyumbani na katuni, wenzao wa bodingi wanafanya mtihani.

Nina dada yangu yuko Minnesota huko Marekani, kwenye baridi ya kugandisha masikio. Anasema theluji ikianguka usiku watu wanaambiwa mapema, kabla mtoto hajatoka nje. Kuna siku shule inafungwa kweli, lakini kuna siku wanasema tu leo tunachelewa masaa mawili, na basi linachelewa masaa mawili na masomo nayo yanachelewa masaa mawili. Na theluji yao haiyeyuki saa 3! Sisi ambao maji yetu yanakimbia yenyewe ndio tunafuta siku nzima, tena tunafuta vani zote, hata ile inayozunguka Kisaasi juu mlimani ambako hata kiatu hakijalowa.

Mvua ya jioni ndiyo mbaya zaidi. Muhula uliopita ilipiga saa 9, watoto wako shuleni, ikaja meseji kwamba vani hazitoki, wazazi waje wachukue watoto. Nani anaacha cherehani na nguo ya mtu ya harusi mezani? Boda ya 3,000 siku hiyo walitaka 8,000 na hapo unabembeleza. Nilipofika nikaambiwa wameshatoka. Banange, nilikimbia. Kijana wangu alimshika dada yake mkono wakaamua kutembea, wakafika pale kwenye kidaraja cha mbao juu ya mtaro, na mzee mmoja muuza mkaa akawazuia, akawaingiza kibandani kwake, akakaa mlangoni yeye mwenyewe wasitoke. Nimewakuta saa 12 jioni weusi kama masufuria, wanakula mahindi ya kuchoma. Yule mzee hata hatujui. Mlinzi wa getini anawajua kwa majina na aliwafungulia.

Ninachoomba si kikubwa. Asubuhi shule iamue kufikia saa 11, njia kwa njia, na kama njia imejaa maji waseme tunakuja saa 3, masomo ya kwanza yangoje. Jioni geti libaki limefungwa, watoto wakae darasani wapewe hata uji, vani itoke maji yakishuka, hata ikiwa saa 1 usiku sisi tutangoja steji. Hii mvua si mgeni jamani, Machi mpaka Mei inakuja, Septemba mpaka Novemba inakuja, inaingia ndani ya muhula wa kwanza na wa tatu kila mwaka. Pesa sijaiweka mbele lakini nitaisema, nalipa laki tatu kwa kila mtoto kwa muhula, na muhula huu vani imefutwa siku tano. Nilipomuuliza mhasibu akasema hairudishwi kwa sababu mvua ni ya Mungu.

Mkutano wa wazazi uko Jumamosi ijayo saa 4. Mwaka jana nilikaa nyuma nikanyamaza, mara hii nitakaa mbele, na ile kaveera ya soksi nitakuja nayo.

Mzazi,
Kyebando, Kampala