Ufukwe wa Nice si wa mwenye vitanda

Ndugu Mhariri,

Nilisoma ukurasa wenu wa safari kuhusu likizo ya pwani ya Mediterania, nikacheka peke yangu. Mwandishi wenu anamwambia msomaji afike Nice, kusini mwa Ufaransa, akodi kitanda chenye mwavuli, aagize kinywaji baridi, basi, likizo imekamilika. Mimi na mdogo wangu tulifanya hivyohivyo siku mbili za mwanzo, mwezi Juni. Euro 28 kila mmoja, kila siku, ili tulale. Siku ya pili mdogo wangu akaanza kuhesabu ndege zinazotua, kwa kuwa uwanja uko palepale kando ya maji. Alipofika ya kumi na tisa akaniuliza, "Dada, tumekuja kufanya nini huku?" Nawaandikia kwa ajili ya siku nane zilizobaki, ambazo hatukukodi hata taulo.

Makala haikutaja kwamba ufukwe wa Nice hauna mchanga. Ni kokoto tupu, za kijivu, nyingine kama yai, nyingine kama ngumi. Ukivaa ndala unapepesuka kama mlevi. Vaeni viatu vya mpira vya kuogelea. Na kina chake ni cha ghafla: hatua chache tu maji yako kifuani, na wimbi likirudi linavuta kokoto chini ya nyayo. Mimi ni mkunga mstaafu, nimezoea kuiona hatari kabla mwenyewe hajaiona, kwa hiyo kila asubuhi nilitazama kwanza bendera ya waokoaji. Ikiwa ya kijani tuliingia wote, ya njano niliingia mimi hadi magotini, nyekundu tulikwenda sokoni.

Kilichonishangaza hadi siku ya mwisho ni kwamba maji hayaondoki. Bahari ile karibu imefungwa pande zote. Mlango wake wa kutokea Atlantiki, pale Gibraltar, una upana wa kilomita 14 tu penye wembamba, na kujaa na kupwa kwake pale Nice hakufiki nusu mita. Huna haja ya kuuliza maji yanajaa saa ngapi. Tuliingia saa moja asubuhi, vitanda havijapangwa, na tena saa mbili usiku kukiwa bado kweupe. Chumvi yake pia ni nyingi kuliko ya bahari kuu, na mdogo wangu, ambaye maji ya kiunoni humtia kiwewe, alielea chali akaanza kuimba.

Siku ya tatu tulikuwa tukipita ukingoni mwa maji, mbele ya vitanda vya watu, kijana mmoja akatupungia mkono tuondoke. Bibi mmoja wa mjini pale, mwenye kofia kubwa ya majani, akamjibu kwa niaba yetu, tena kwa sauti. Baadaye alitueleza kwa Kiingereza cha kuokoteza: tangu sheria ya pwani ya mwaka 1986, ufukwe ni wa umma, na aliyepewa kibali cha kuweka vitanda lazima aache njia kando ya maji. Kuna na sheria ya zamani kidogo, ya 1976, inayompa mtembea kwa miguu njia ya mita tatu kando ya bahari, hata kwenye ardhi ya watu binafsi. Hili ndilo ningetaka mwandishi wenu aliweke kwenye kichwa cha habari.

Kwa sababu ya maneno ya bibi yule tulikwenda Saint-Jean-Cap-Ferrat, mji mdogo ulio kwenye rasi jirani na Nice, tukaizunguka rasi hiyo kwa miguu. Majumba ya matajiri yako juu, nyuma ya kuta na misonobari, nawe unapita chini yao juu ya miamba myeupe bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa magoti yangu ilichukua asubuhi nzima. Hakuna duka njiani na kivuli ni cha kubahatisha, basi beba maji ya kutosha, na bahari ikichafuka usiende.

Villefranche-sur-Mer iko dakika kama saba kwa treni kutoka Nice, na ufukwe uko chini kabisa ya stesheni. Hapo kuna kanisa dogo la wavuvi, zamani wakihifadhia nyavu, ambalo msanii na mwandishi Mfaransa Jean Cocteau alilipaka michoro mwaka 1957. Karibu nalo kuna mtaa wa karne ya 13 unaopita chini ya nyumba, giza na baridi. Saa nane mchana wa Juni ni bora kuliko mwavuli wowote.

Hapohapo Villefranche mdogo wangu aliguswa na konyeza, wale viumbe laini kama jeli, wa rangi ya zambarau. Mtu mzima mwenye miwani ya bei akashauri akojolewe mguu. Nilikaa kazini miaka 34, sijawahi kuona ushauri unaokimbia haraka kuliko huo. Usimwage mkojo, wala maji baridi, wala usisugue kwa taulo. Suuza kwa maji ya bahari, kisha kwangua taratibu vinyuzi vilivyobaki kwa ukingo wa kadi; sisi tulitumia ya mlango wa hoteli. Akianza kuhema kwa shida, hospitali.

Na msiogelee peke yenu, hata kama mnajua. Mbele zaidi, Roquebrune-Cap-Martin, njia ya pwani inapita karibu na kibanda cha mbao cha msanifu majengo Le Corbusier, chumba kimoja tu. Alikufa akiogelea baharini hapo Agosti 1965, akiwa na miaka 77. Nilikaa juu ya jiwe nikautazama ule mteremko, nikamwita mdogo wangu atoke majini. Alinuna hadi stesheni.

Soko la Cours Saleya, pale Nice, nawaachia wenyewe, ila Jumatatu hamtakuta mboga wala maua, ni vitu vya kale. Kuleni socca ikiwa ya moto: unga wa dengu, maji na mafuta ya zeituni, imeokwa kwenye sinia pana ajabu, pilipili manga juu. Na pandeni kilima kinachoitwa cha Ngome, ingawa ngome yenyewe ilibomolewa mwaka 1706. Kuna lifti, nilimshukuru Mungu. Ila saa sita kamili mchana hulipuliwa fataki yenye kishindo cha mzinga pale kila siku, desturi ambayo inasemekana ilianzishwa karne ya 19 na Mskoti mmoja aliyechoka kucheleweshewa chakula na mkewe. Sikuambiwa. Nilimkumbatia mzee nisiyemjua.

Mwandishi wenu akirudi huko, jioni asikae kwenye mkahawa. Promenade des Anglais, barabara ya matembezi kando ya ufukwe wa Nice, ina viti vya buluu visivyolipiwa, vimeelekezwa baharini. Na akipanda treni kutoka Nice kwenda upande wa Italia, akae kulia.

Mkunga mstaafu