Mbwa wa mwanangu yuko kazini

Mhariri,

Nawasoma tangu nihamie Marekani na sijawahi kuwaandikia. Habari yenu kuhusu mbwa wanaowasaidia wanajeshi waliojeruhiwa imenikera mno. Mwandishi wenu anadai serikali huwagawia askari mbwa bure, kama vile ni anasa.

Si kweli. Idara ya Maveterani haimpi mtu mbwa. Mbwa hutolewa na mashirika ya hisani, na Idara hulipia matibabu ya mnyama, tena awe ametoka shirika linalotambuliwa. Masharti ya malipo hayo ya mwaka 2012 yaliwataja wasioona, wasiosikia na wenye shida ya kutembea, yakawaacha wenye kiwewe cha vita. Hao walingoja hadi Agosti 2021 iliposainiwa sheria ya PAWS, ya mbwa wa kuwasaidia maveterani wenye kiwewe, nayo ni jaribio la miaka 5 katika vituo 5 vya matibabu vya Idara, kimojawapo hapa San Antonio, ambako mgonjwa hufundisha mbwa ikiwa sehemu ya tiba yake.

Mwanangu aliacha macho yake Afghanistan. Mwezi uliopita nilimpeleka kula biriani katika mkahawa wa watu wa kwetu kabisa, wanaonijua na kuniita mama. Tukazuiwa mlangoni: mbwa abaki garini. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba mbwa ni najisi. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Mombasa, sihitaji kufundishwa habari ya kuosha mara saba na udongo. Mbwa huyu hulala chini ya meza, hagusi sahani ya mtu. Tuliomba meza ya pembeni tu. Mwanangu akasimama pale ameshika mpini wa mkanda wa mbwa wake huku watu wakipita kumkwepa, wengine niliowabeba wakiwa wachanga, na hakuna hata mmoja aliyemsalimia! Sheria ya nchi hii inamruhusu mwenye mkahawa kuuliza maswali mawili: je, mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani? Hawezi kudai cheti. Woga wala mzio si sababu ya kumfukuza mtu.

Na wanaotuharibia zaidi ni wale wanaonunua mtandaoni fulana ya mbwa wa msaada, wakamvalisha mbwa wao wa nyumbani ili waingie naye dukani. Anabweka, anakojoa, kisha lawama zinamwangukia kipofu. Hapa Texas, tangu Septemba 2023, udanganyifu huo una faini ya hadi dola 1,000 na saa 30 za kuhudumia jamii. Sijasikia mtu wetu akionywa.

Basi chapisheni maswali hayo mawili kwa Kiswahili, herufi kubwa, nusu ukurasa, toleo la Ijumaa. Nitayakata na kuyabandika mwenyewe kwenye kila mkahawa wa Waswahili mjini hapa, nikianza na ule. Na mwandishi wenu asahihishe habari yake.

Mama wa Askari,
San Antonio, Texas